Mto Simiyu umeandikwa, daftari liko Ubelgiji

Tarehe 8 Machi 1875 mashua iitwayo Lady Alice iliondoka ufukweni Kageye, upande wa kusini wa Ziwa Victoria. Wapagazi walikuwa wameibeba vipande vipande mabegani tangu Bagamoyo, ikaja kuungwa ziwani. Usukani alishika Wadi Safeni, mmoja wa Wangwana waliotoka pwani na msafara. Pamoja naye alikuwamo Henry Morton Stanley na madaftari yake. Walishika njia ya mashariki, wakaingia Ghuba ya Speke, na katika siku za mwanzo kabisa za safari hiyo Stanley aliandika habari za mlango wa mto mkubwa unaomwaga maji yake ziwani. Jina lake aliliandika Shimeeyu.

Mto huo ndio Simiyu, unaoanzia nyanda za upande wa Serengeti, ukapita kwetu mkoani Simiyu, ukaenda kuingia ziwani wilayani Magu. Mwaka 2012 serikali ilipoumega mkoa mpya wenye makao makuu Bariadi, mto ndio uliotoa jina. Stanley aliuthamini kupita kiasi. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 alidai kwamba hapo ndipo penye chanzo cha kusini kabisa cha Nile, heshima ambayo wanajiografia wa baadaye waliihamishia kwenye Kagera na vijito vyake vya Burundi. Kitabu hicho kinapatikana kwa urahisi, hata kwenye simu. Madaftari yenyewe, yale aliyoyashika mkononi, yako Tervuren, pembezoni mwa jiji la Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Taasisi ya Mfalme Baudouin ndiyo iliyonunua karatasi za Stanley kutoka kwa warithi wake na kuziweka huko.

Kuna watu duniani wanaotumia maisha yao na mali zao kutafuta karatasi za namna hiyo: miswada ya vitabu, barua, madaftari ya safari, hata kipande cha karatasi chenye sahihi ya mwandishi tu. Kwa wengi wetu jambo hili ni mchezo wa matajiri. Sikubaliani na hilo, na sababu yangu naanza kuieleza kwa Stanley huyohuyo.

Kila mtoto wa shule aliyesoma historia anajua kwamba Stanley alipokutana na Livingstone pale Ujiji, Novemba 1871, alimsalimu kwa maneno machache ya adabu ambayo baadaye yalivuma dunia nzima. Maneno hayo yamo kitabuni na yamo magazetini. Ukilifungua daftari la siku hizo, kurasa za tukio lenyewe hazipo. Zimechanwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley mwaka 2007 baada ya kuzipitia karatasi za Tervuren, alijenga hoja yake hapo: huenda salamu ile haikutamkwa kabisa, ikatungwa baadaye mezani. Vilevile hesabu za vita na watu waliouawa njiani zinapungua ukizifuata kwenye madaftari na zinapanda ukizifuata kitabuni. Mtu aliyesoma kitabu peke yake amesoma kile ambacho Stanley alitaka kisomwe. Hati ya mkono humwonyesha mwandishi kabla hajajipamba.

Livingstone naye ana ushahidi wa aina hiyo. Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mashariki ya Kongo ya leo, aliishiwa karatasi na wino. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, akaandika juu ya maandishi ya chapa, akikata mistari yake kwa kuvuka ile ya gazeti, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea wa huko. Ndani ya kurasa hizo mliandikwa mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai, watu waliokuja kununua na kuuza wakapigwa risasi na watu wa misafara ya biashara. Wino ulififia hadi kurasa zikawa kama hazikuandikwa. Ilibidi wataalamu wazipige picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maandishi yakasomeka tena. Yalipolinganishwa na kitabu kilichohaririwa baada ya kifo chake, ikaonekana pia yaliyobadilishwa. Kama mrithi mmoja angeona magazeti machakavu na kuwashia moto, ushahidi wa siku ile ulioandikwa papo hapo ungepotea.

Thamani ya karatasi hizi haitokani na uzee peke yake. Wakusanyaji huuliza kwanza kilichomo: barua ya mwandishi inayozungumzia kitabu chake hupita mbali ile ya kuomba radhi kwa kuchelewa chakula cha jioni. Kisha huuliza uadimu. William Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alimleta katika Kiswahili kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ameacha sahihi sita tu ambazo wataalamu wengi wanazikubali. Halafu huja swali gumu kuliko yote: karatasi imepita mikononi mwa nani tangu ilipoandikwa hadi leo? Asiyeliuliza hulizwa. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilinunua kwa mamilioni ya marki shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler, na mwanahistoria mwenye jina kubwa akazithibitisha. Maabara ilipochunguza karatasi ilikuta kemikali ya kung'arisha ambayo haikutumika mpaka miaka ya 1950. Aliyezighushi alikuwa bado hai na mkono wake ungali na wino.

Sasa tuvuke ghuba. Ukisimama ufukweni wilayani Busega, Ghuba ya Speke iko mbele yako, na ng'ambo ya pili ndiko iliko Ukerewe. Kwa gari unatoka Lamadi hadi Bunda, unashuka Kisorya, unapanda kivuko hadi Rugezi. Huko, katika misheni ya Kagunguli, aliishi mtu ambaye mswada wake, kwa maoni yangu, ndio hazina kubwa ya maandishi iliyowahi kutoka kanda hii ya ziwa. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma kwa mapadri, akapelekwa seminari ya Rubya, akajua Kilatini, Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili juu ya lugha yake. Alirudi kisiwani akawa katekista na mtafsiri. Yeye na mkewe walizika watoto wao, na riwaya aliyoiandika inahusu mume na mke wanaopendana huku nyumba yao ikikosa mtoto.

Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hapakuwa na mchapishaji wa Kikerewe popote. Padri Almas Simard, Mkanada aliyemtia moyo kuandika, alianza kuitafsiri kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kuimaliza. Miaka ikapita, mswada ukabaki karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika kisiwani kuchunguza historia ya Wakerewe. Wakamkuta mzee, wakaukuta na mswada. Ndipo ikaonekana wazi kwamba njia pekee ya kuufikisha kwa wasomaji ni Kiswahili, na Kitereza, akiwa na zaidi ya miaka sabini na viungo vikimuuma, akaketi kuitafsiri riwaya yake mwenyewe, mamia ya kurasa, toka mwanzo hadi mwisho.

Tanzania Publishing House ilikichapisha kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, kitabu chenye tarehe ya 1980 kilichopigiwa chapa China. Nakala zilisafiri kwa meli. Kitereza alifariki Aprili 1981 kabla hajakishika mkononi. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwana wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza akianzia kwenye Kikerewe chenyewe.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Ruhumbika asingeweza kurudi kwenye Kikerewe kama karatasi za Kikerewe zisingekuwapo. Kwa zaidi ya miaka thelathini kitabu kizima kilikuwa ni rundo la karatasi ndani ya nyumba, kwenye kisiwa chenye mvua, unyevu na mchwa. Hakuna mnada uliokilinda, wala serikali. Kililindwa na mwandishi aliyekataa kukata tamaa na watu wachache waliojua kwamba kile kilichokuwa mbele yao kilikuwa kazi ya maisha ya mtu.

Shaaban Robert alipata mlinzi ndani ya ukoo. Mdogo wake, Yusuf Ulenge, alikuwa akipokea barua kutoka kwa kaka yake tangu mwaka 1931, wakati jina la Shaaban Robert halijajulikana na mtu yeyote nje ya kazini kwake na nyumbani kwao Tanga. Ulenge hakuzitupa. Alizitunza hadi zile za mwaka 1958, na mwaka 2002, miaka arobaini baada ya kifo cha mshairi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa kama kitabu, M. M. Mulokozi akiwa mhariri. Humo kuna mtumishi wa serikali anayehangaikia ndugu, fedha, uhamisho na vitabu ambavyo havijapata mchapaji. Mtu huyo humwoni katika mashairi yaliyokwisha kupigwa msasa. Ulenge hakujua mwaka 1931 kwamba anatunza barua za Shaaban Robert. Alikuwa anatunza barua za kaka yake.

Pwani wamelijua jambo hili zamani kuliko sisi wa bara. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, yangekuwa yamezikwa naye kama Mwalimu Sikujua asingeyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akifafanua mistari migumu pembeni. Mmisionari William Taylor alifanya kazi naye, na karatasi zao ziko London. Ukweli unaotakiwa kusemwa wazi ni kwamba majina ya Wazungu yaliandikwa juu ya majalada, ilhali kalamu ilikuwa ya Mwalimu Sikujua. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya tenzi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Nyingi zilitoka makabatini mwa familia, kwa wanawake na wanaume waliozinakili kwa mikono yao kizazi hadi kizazi.

Usukuma nao una karatasi zake, ila zimetawanyika. Maktaba ya chuo hichohicho inatunza makusanyo ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni. Aliandika juu ya watemi, sheria na mila za Wasukuma, hata michoro ya ukutani ya bayeye, wacheza nyoka. Alifanya kazi kwa kuwasikiliza wazee na makarani wa mabaraza, na katika mafaili yake sauti zao zimo, ingawa majina yao hayakuwekwa mbele. Nasa, iliyoko leo wilayani Busega, ilikuwa kituo cha wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) tangu karne ya kumi na tisa, kabla ya kuchukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909. Barua walizoandika watu wa CMS kwenda makao makuu ziko Birmingham, Uingereza, pamoja na nyaraka nyingine za chama hicho. Kwa hiyo mwanafunzi wa Simiyu anayetaka kuandika historia ya mkoa wake kutoka kwenye maandishi ya asili ana safari tatu mbele yake: Dar es Salaam, Birmingham na Tervuren. Kwa wengi wao hata ile ya kwanza ni ghali.

Sisemi karatasi za Stanley zirudishwe Bariadi kesho asubuhi. Zimetunzwa vizuri, na zimekaa pamoja, jambo ambalo lina uzito wake. Mwaka 2002 Christie's ya London iliweka mnadani vitu vya Stanley vilivyobaki kwa warithi, na kila mnunuzi akaondoka na chake. Mnada wa namna hiyo huvunja kitu kisichoungika tena. Barua ikitengwa na jibu lake inakuwa pambo la ukutani. Ninachodai ni nakala. Ukurasa unaotaja mto wetu unaweza kupigwa picha leo na kufika leo, ukachapwa na kuwekwa katika maktaba za shule za Meatu, Itilima, Maswa, Busega na Bariadi. Ofisi ya mkoa inaweza kuandika barua hiyo ya maombi.

Lakini iko kazi ambayo haingoji Ubelgiji. Mtaani Somanda, mjini Bariadi, nilikaribishwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye baba yake alikuwa mtunzi wa nyimbo za bugobogobo, ngoma ya majembe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa, nikuletee kitu.”

Alirudi na kauntabuku lililofungwa kwa khanga. Jalada limepauka, pini za mgongo zimeshika kutu na kuacha doa la rangi ya kahawia katikati ya kila karatasi. Nyimbo zimeandikwa kwa Kisukuma, kwa penseli mwanzoni, kwa kalamu ya bluu baadaye. Mtunzi hakuandika mstari mmoja kwa kila mstari wa wimbo; aliandika mfululizo hadi ukingo wa karatasi ili asipoteze nafasi, akiweka mkwaju pale pa kuvuta pumzi. Chini ya kila wimbo pana tarehe, jina la kijiji ulikochezwa, na sahihi yake, ile ile, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma kulipigia jina mstari. Kuna mahali amefuta jina la mtu aliyekuwa akimsema na kuandika la mwingine juu yake. Jina la kwanza bado linasomeka ukiielekeza karatasi kwenye mwanga.

“Hapa aliogopa kesi,” mzee akasema, akaweka kidole karibu na pale bila kuigusa karatasi. “Huyo bwana alikuwa jirani.”

Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Watoto wake, kwa mapenzi mema, wamemshauri azipeleke stesheneri zilizobaki zikapigwe leminesheni, kama tunavyofanya vyeti vya shule. Nilimwomba asifanye hivyo, na kwa kuwa najua nyumba nyingi zina daftari kama hilo, naandika hapa nilichomwambia. Leminesheni huyeyusha plastiki ndani ya karatasi kwa joto, na haitoki tena. Selotepu hugeuka njano, gundi yake hula wino. Pini zenye kutu zitolewe taratibu, karatasi zishikwe kwa uzi wa pamba au ziachwe huru ndani ya bahasha safi. Sanduku la bati linafaa, mradi lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta unaopata mvua, na lifunguliwe mara kwa mara kukagua wadudu. Kila ukurasa upigwe picha mchana, karibu na dirisha, bila flashi, na picha ziwekwe sehemu mbili tofauti, maana simu huibwa. Kitu chochote kinachoandikwa juu ya hati kiandikwe kwa penseli, nyuma, pembeni: nani aliandika, wapi, lini, na imefikaje kwako. Hilo la mwisho ndilo lile swali la wakusanyaji wa London, na anayeweza kulijibu bila kubahatisha ni mwenye nyumba peke yake.

Na asikubali kuuza karatasi moja moja. Akija mtu na fedha, amuonyeshe picha, aombe jina na anwani, kisha familia ikae. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 iliiweka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya vitabu na hati za Afrika Mashariki. Zote mbili ni mahali pa kwanza pa kuulizia kabla ya mnunuzi yeyote. Familia inayokabidhi hati iombe maandishi yanayoeleza kilichopokelewa, ukurasa kwa ukurasa, na haki ya kupata nakala.

Mzee alisikiliza yote, akauliza kama nyimbo zinaweza kuandikwa upya kwa taipu ili wajukuu wazisome, kwa kuwa mwandiko wa babu yao unawashinda. Zinaweza, na inafaa zifanyiwe hivyo akiwa hai, kwa sababu nusu ya majina ya vijiji na watu waliotajwa humo anayajua yeye tu. Tumekubaliana kazi ianze baada ya msimu wa pamba. Mjukuu wake wa kidato cha tatu atasoma kwa sauti, mimi nitapiga chapa, na mzee atatukatiza kila tunapokosea.